Mama wa Samaki Wawili

Simu ya Redio Lyer ilikuwa na vumbi. Nalisema mapema ili tusidanganyane. Kwa miaka kumi na miwili Bah Wanphrang, na Bah kwetu ni 'kaka' wa heshima, alikaa kwenye chumba kile cha juu, chini ya mabati, akipiga muziki ambao redio nyingine zote za mji wetu wa Shillong hazitaki hata kuusikia kwa mbali: vijana wa Mawlai wanaokwaruza magitaa mpaka nyaya zinakatika, wauguzi watatu wanaoimba habari za wodi yao kwa Kikhasi, jamaa mmoja wa Jowai aliyerekodi mvua ikipiga sufuria kumi na moja akaiita albamu. Saa sita mchana mpaka saa nane, kila siku isipokuwa Jumapili. Kila siku alitaja namba ya simu polepole, mara mbili. Simu ikilia, basi ni Shanbor, fundi mitambo wake, anauliza kutoka mtaani kama mlingoti umeinama tena, au ni mtu anayetafuta kliniki ya meno ambayo namba yake inakaribiana na yao.

Ndiyo maana Jumanne ile ilipolia saa sita na dakika tano, Bah Wanphrang aliipokea akasema, "Hapa si kwa daktari wa meno."

"Najua, Bah," ikasema sauti ya mwanamke. "Nauliza tu. Usiku umelalaje?"

Bah Wanphrang alitazama simu, akamtazama Shanbor. "Nimelala… vibaya kidogo. Paka walipigana juu ya bati. Dada, unataka wimbo gani?"

"Wowote tu, Bah. Paka wangapi?"

"Sijawahesabu. Labda watatu."

"Asante sana! Mungu akuweke!" Simu ikakatika. Hajaiweka chini vizuri, ikalia tena. Mwanamume safari hii, kutoka Mawkhar, naye anauliza Bah amelalaje. Akafuata mwingine. Mpaka saa nane walikuwa wamepiga watu thelathini na wanne, na hakuna hata mmoja aliyetaja gitaa wala ngoma. Wote walitaka kujua usingizi wake.

"Labda umetaja hewani kwamba unaumwa," Shanbor alisema. Shanbor ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpiga ngoma wa bendi mbili zisizojulikana.

"Sijataja kitu."

"Basi ni adabu tu. Mtu akipenda muziki wako anakuulizia hali."

"Thelathini na wanne kwa mpigo?"

"Bah, umewangoja miaka kumi na miwili. Leo wamekuja unawahoji?"

Hapo nikuambie kwa nini maneno ya Shanbor yalimwingia. Nyumba ile si ya Bah Wanphrang. Ni ya Darihun, dada yake wa mwisho, maana kwetu nyumba humwendea binti wa mwisho, pamoja na vyungu vyake, wagonjwa wake na mazishi yake. Mama yao, Mei, alifia mikononi mwa Darihun, na huu ulikuwa mwaka wa pili. Sasa binti wa Darihun alikuwa anaolewa, na kwetu bwana arusi ndiye anayebeba sanduku kuhamia kwa mke. Chumba cha ziada kilikuwa kimoja tu, kile cha juu.

"Kaka, mimi sikufukuzi," Darihun alimwambia wiki iliyotangulia, akikata sukumawiki bila kumtazama. "Lakini mkwe wangu Kitbok atalala wapi? Juu ya spika zako?"

"Kuna watu wanasikiliza, Dari."

"Wako wapi? Mimi naishi chini yako. Miaka yote hii sijaona hata mtu mmoja akisimama mlangoni kuuliza, 'Hapa ndipo Redio Lyer?' Mimi mwenyewe sisikilizi, ule muziki unanitia kipandauso. Nionyeshe watu. Shanbor simhesabu. Ukinionyesha watu, watoto nitawajengea chumba uani, wavumilie. Usiponionyesha, Jumamosi ya wiki ijayo unatoa vyuma vyako."

Basi ndiyo hiyo. Bah Wanphrang hana mke, aliondokewa na mke zamani, watoto hana, kazi ya ukarani alistaafu. Akitolewa mle chumbani, kilichobaki ni kuketi dirishani akitafuna tambuu na kuhesabu teksi. Yeye mwenyewe alikuwa analijua hilo, na lilimtisha kuliko kifo.

Jumatano watu wakaja kwa miguu. Alipochungulia dirishani saa tano na nusu aliona kama watu arobaini wamejipanga chini, wenye miavuli, wenye vikapu, wamama waliojifunga yale mashuka yao ya mirabamiraba. Mmoja akapaza sauti, "Ndiye yule! Ndiye Bah mwenyewe!" Wakampungia mikono.

"Shanbor," Bah Wanphrang alinong'ona, "hawa wote ni mashabiki wa rock?"

"Yule bibi wa pili ana miaka themanini, Bah."

"Ndiyo nauliza."

Wakaleta zawadi. Mananasi. Tambuu zilizofungwa vizuri kwenye majani. Mzee mmoja mstaafu wa posta alipanda ngazi akihema, akamkabidhi mto mpya wa sufi kwa mikono miwili.

"Wa nini huu, Bah?"

"Wa kichwa," mzee alisema, akimshangaa. "Na samaki mkavu usile jioni. Anavuruga."

"Anavuruga nini?"

Mzee alicheka, akamgonga bega kama mtu aliyeelewana na mwenzake, akashuka. Bah Wanphrang akabaki na mto mapajani. Aliugeuza huku na huku akitafuta labda kuna barua ndani. Hakuna.

Hewani alipiga kwa makusudi wimbo mrefu kuliko wote alionao, dakika tisa za kelele tupu za vijana wa Mawlai, wimbo ambao hata mama zao huukimbia. Alitaka kuwapima. Akachungulia dirishani. Hakuna aliyeondoka! Walisimama kwenye manyunyu, vichwa vimeinama, redio ndogo masikioni, wanasubiri kwa utulivu wa watu walio kanisani. Machozi yalimlengalenga. Kumbe walikuwepo. Kumbe miaka yote ile walikuwepo, na yeye ndiye aliyekosa subira.

"Ndugu zangu," alisema kwenye maikrofoni, sauti ikimtetemeka, "sina la kusema. Nimefurahi mpaka nimeishiwa maneno."

Simu zikaanza tena. "Bah, hivyo vya kufurahi tumesikia. Lakini umelalaje?"

Jioni ile Darihun alimpandishia chai mwenyewe. Hilo lilimchanganya kuliko mto. Dada yake hapandi zile ngazi, magoti yanamsumbua. Aliweka kikombe, akasimama katikati ya chumba, akatazama kuta, dari, dirisha, taratibu, kama hajawahi kuingia humo.

"Umeona watu, Dari?" aliuliza.

"Nimeona."

"Basi?"

"Chumba kaa nacho." Akagusa fremu ya dirisha kwa vidole viwili. "Nimeshamwambia fundi aje kupima uani. Kunywa chai, inapoa."

Akashuka. Bah Wanphrang alipaswa kuruka kwa furaha, na kidogo aliruka. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Mbona hakumtania? Darihun asiyetania ni Darihun anayeumwa. Na kwa nini alilishika dirisha vile?

Jibu alilipata Alhamisi asubuhi, kwenye mkahawa wa Kong Thrina (Kong kwetu ni 'dada' wa heshima), ng'ambo ya barabara. Alikwenda kula jadoh, wali wetu wa nyama, kama kawaida yake. Alipoingia, watu wakampisha benchi lote. Kong Thrina, mwanamke mnene mwenye meno mekundu ya tambuu na mdomo usio na breki, alimwekea sahani iliyojaa nyama pomoni.

"Leo hulipi, Bah. Na kesho hulipi. Wewe ndiye umenipa bati jipya."

"Bati gani, Kong? Mimi nimekupa lini bati?"

"Ala! Si kwa yule mama yako na samaki!" Akaelekeza kidole ukutani, kwenye ubao mweusi wa namba za mishale.

Hapo ndipo akili ya Bah Wanphrang ilipoanza kurudi, na ilivyorudi alitamani isingerudi. Kila siku ya kazi, alasiri, wapiga upinde wetu hukaa uwanjani wakalenga furushi la nyasi. Mishale iliyonasa inahesabiwa, na tarakimu mbili za mwisho ndizo namba ya siku. Mji mzima unaibashiri kwa pesa. Na namba huiokoti barabarani, inatoka ndotoni. Mwanamume ni sita, mwanamke ni tano, na mengine yote kila mtu na mwalimu wake. Bah Wanphrang, mtoto wa mzee wa kanisa, hajawahi kucheza maisha yake yote, na hata ule ubao alikuwa akila chini yake bila kuusoma.

"Jumatatu ulisema hewani," Kong Thrina aliwasimulia watu wote, ingawa wote walikuwa wanajua. "Mimi redio ilikuwa imenasa kwenye kituo chenu, kitufe kimevunjika, siwezi kubadilisha. Namsikia Bah anasema: jana nimeota marehemu mama yangu ameingia chumbani humu na samaki wawili mkononi, ananiambia funga dirisha. Nikasema, Thrina, mama ni tano, samaki wawili ni mbili. Mbili, tano! Nikamwambia shemeji, nikamwambia mwenye duka la vyombo. Alasiri mishale ikahesabiwa. Ishirini na tano, jamani! Ishirini na tano kamili!"

"Na paka watatu?" mtu aliuliza.

"Paka tulikosa kwa moja. Kukosa kwa moja si kukosa, ni sisi hatukuhesabu vizuri. Bah mwenyewe alisema 'labda'."

Watu wetu bwana! Bah Wanphrang alisukuma sahani. Kwa hiyo ule utulivu kwenye manyunyu, zile dakika tisa… Walikuwa wanasubiri anyamaze, aseme ameota nini. Alihisi uso unawaka kwa aibu, aibu ya kulia mbele ya watu waliokuja kwa jambo jingine.

"Na Dari wenu," Kong Thrina aliongeza, akipunguza sauti, "nilipomsimulia Jumanne alikaa hapo hapo ulipokaa, akalia. Akasema, 'Mei kaja kwake. Nimemwogesha miezi saba, na kaja kwake.'"

Bah Wanphrang alisimama akatoka bila kuaga. Maana kulikuwa na jambo ambalo Kong Thrina hakulijua wala mtu yeyote. Hakuna ndoto. Jumatatu ile alipoteza kikaratasi chenye jina la wimbo. Alipekua mezani, mfukoni, chini ya kiti, sekunde zinakwenda, na kimya hewani ni kitu kinachomtia kichaa kila mtangazaji duniani. Mdomo ukaanza kusema wenyewe. Mama, samaki, dirisha. Hakujua vilitoka wapi. Alisema tu, mpaka kikaratasi kikaonekana chini ya kikombe, akataja wimbo, akasahau.

Alimkuta Darihun uani na fundi, wanapima kwa kamba. Fundi alipokwenda kutafuta kigingi, Darihun alimgeukia.

"Kong Thrina amekuambia."

"Ameniambia."

"Sikukasirika, kaka. Mwanzoni tu." Alikuwa anazungushia ile kamba kidoleni. "Nalala kwenye kitanda chake, unajua? Mwaka wa pili sasa. Nasema labda atanijia. Sioti hata mende. Basi nikasema, kama alipita nyumbani, alipita. Lakini nami nikajiambia, chumba alichoingia Mei siwezi kumlaza mtoto wa watu." Akainua macho. "Alikuwaje? Alikuwa anaweza kutembea vizuri?"

Neno moja tu, na chumba kilikuwa chake mpaka kufa. Alifungua mdomo. Aliona jinsi dada yake alivyosogea karibu ili asikose hata silabi.

"Nitakuambia," alisema. "Kesho. Leo kichwa kinaniuma."

Usifikiri kwamba mtu huyu alikuwa jasiri. Hakulala, aliulalia ule mto wa sufi akigeuka kama chapati. Akisema kweli Ijumaa, kesho yake ni Jumamosi, na vyuma vinatoka. Akinyamaza, dada yake atamuuliza Mei alivaa nini, na yeye atajibu, na kesho kutwa atamuuliza tena, na yeye atatunga tena, na kila Jumatatu atakuwa anamuua na kumfufua mama yake kwa ajili ya meza na maikrofoni mbili. Na uso kwa uso hawezi. Mbele ya Darihun ulimi wake hufa. Mahali pekee ambapo ulimi wake haujawahi kumwangusha ni hewani.

Ijumaa saa sita, kabla ya wimbo wowote, aliwasha maikrofoni.

"Ndugu zangu, mimi Wanphrang. Ile ndoto ya Jumatatu haikuwa ndoto. Nilipoteza karatasi nikatunga. Mama yangu hakuja. Hakuna samaki. Ishirini na tano ilikuja yenyewe. Msinipigie kuuliza nimelalaje. Mimi si mwotaji, mimi napiga muziki. Anayependa muziki abaki, wasiopenda nawasamehe wote. Naomba nami mnisamehe." Akasukuma kitufe, akaweka wimbo wa wale wauguzi watatu, akaegemea kiti. Shanbor alikuwa anamtazama mdomo wazi.

Simu ikalia. "Bah! Kutunga uongo ni ngapi? Hapa tunabishana. Wengine wanasema saba."

"Nimesema si ndoto!"

"Tumesikia. Na kupoteza karatasi?"

Akaitupa simu mezani. "Shanbor, nimesema Kikhasi au nimesema kitu gani?"

"Kikhasi safi, Bah."

"Mbona hawanielewi?"

Lakini ngazi zilikuwa zinalia. Hatua moja, kimya, hatua nyingine. Darihun aliingia akiwa ameshika redio ndogo ya jikoni, ambayo kwa miaka kumi na miwili iliimba nyimbo za kanisa tu. Kwenye redio ile wauguzi walikuwa wanaendelea kuimba. Aliizima. Shanbor alitazama viatu vyake, akasema anakwenda kuangalia mlingoti, akapita ubavuni mwake akashuka.

"Kwa hiyo hakuja," Darihun alisema.

"Hakuja, Dari."

"Hata kidogo? Hata kwa mbali?"

"Sijawahi kumwota. Hata usiku ule wa mazishi. Nilidhani ni kwa sababu sikumuuguza mimi."

Darihun alikaa kwenye boksi la kaseti. "Mji mzima unasema unaficha kwa sababu ndoto imekuwa kubwa," alisema. "Thrina amenipigia sasa hivi kuniambia nisikuamini. Lakini nilivyosikia sauti yako nimejua. Ulikuwa unaongea kama ulivyoongea ulipovunja ile birika yake." Akapangusa pua kwa ncha ya shuka. "Ungeninyamazia, kaka. Chumba kilikuwa chako. Kwa nini hukuninyamazia?"

"Ungeniuliza anatembeaje."

"Ningekuuliza," alikubali. "Kila siku ningekuuliza."

"Sasa je?"

"Sasa Kitbok atalala humu. Nitamwambia fundi asije." Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma tarehe. "Kesho nitakusaidia kufunga waya. Usimwachie Shanbor, atazikatakata."

"Sawa."

"Basi hatujamwota wote wawili," Darihun alisema, na hapo ndipo alipovunjika. Alilia kwa sauti, akajifunika uso. Bah Wanphrang alitaka kumwambia anyamaze, lakini kilichomtoka si neno. Naye alikuwa analia, mzee mzima, mikono imening'inia, hajui hata aiweke wapi. Wimbo ulikwisha zamani. Taa nyekundu ya maikrofoni ilikuwa inawaka. Kile kitufe alikisukuma nusu tu.

Simu ikalia, ikalia, ikakatika, ikalia tena. Bah Wanphrang hakuwa na nguvu ya kunyoosha mkono. Darihun akaipokea.

"Redio Lyer," alisema, pua imeziba.

"Samahani sana, Kong," sauti ikasema kwa heshima, na nyuma yake watu wengi wakinong'ona. "Poleni kwa yote. Tunasikia mtu analia hapo. Ni mwanamume au mwanamke?"

Darihun alimtazama kaka yake.

"Ni wote wawili," akasema, akaweka simu chini.